Chupa Hairudi Tupu

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nikawashukuru, ingawa sijui kwa nini mtu hupewa saa siku ileile anapoacha kuihitaji. Mkanipa na kazi juu yake: niandike jinsi tulivyofanya zamani za Bwana Karanja, kabla kompyuta haijaanza kuwasomea majibu. Haya, naandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Nani alipandishwa na nani alirukwa mlishayamaliza kwenye chai ya saa nne.

Nilianza kazi kwenye maabara ya hospitali mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuja na cheti kipya na viatu vya kisigino, nikitarajia koti jeupe na darubini. Bwana Karanja, aliyekuwa mkuu wa kitengo chetu, alivitazama vile viatu kwa muda mrefu kuliko alivyokitazama cheti, kisha akanisukumia kapu la chupa.

"Nafula, hii ni mikojo ya watoto," akasema. "Anza kwa kunusa."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Baadaye nilikuja kujua kwamba Bwana Karanja hakuwa na mzaha wa aina yoyote. Alikuwa ameziweka zile chupa kwenye friza kwa ajili ya kufundishia, na siku hiyo nilizifungua moja baada ya nyingine na kusema ninachokisikia. Moja ilinukia sukari iliyoungua. Nyingine ilinuka soksi za mwanafunzi wa bweni. Ya tatu nilisema hainuki kitu, akaniambia ninuse tena, na kweli ilikuwa na ukali wa siki kwa mbali. Jioni nilirudi nyumbani mtaa wa Mbotela nikashindwa kula. Jirani yangu aliponiuliza kazi mpya ikoje, nilimwambia ni ya ofisini.

Siri ile haikudumu. Mbotela nyumba zimepangana, na ukuta unasikia hata usipotaka. Haukupita muda mrefu nikawa ninaitwa Daktari wa Mikojo, na watu wazima wenye akili zao wakawa wananisimamisha njiani kuniuliza mkojo wa manjano sana maana yake nini. Nilikuwa nawaambia wanywe maji.

Kwa ninyi ambao mmezaliwa na kukuta vifaa vipya, nieleze tulichokuwa tunatafuta. Kuna mtoto anayezaliwa mzima wa kutazama, ananyonya, analia, anacheka, lakini mwili wake umekosa kimeng'enya kimoja cha kuvunjavunja chakula. Maziwa yanayomnenepesha mtoto wa jirani, kwake yanageuka asidi inayojaa damuni na kumlewesha. Asidi hiyo hutoka kwa mkojo. Ukiikuta mapema, pengine unabadilisha chakula na mtoto anaishi. Usipoikuta, anazikwa, na watu wanatafuta mchawi.

Mashine ya kuikuta tulikuwa nayo moja tu, spektromita iliyoletwa na wafadhili, kubwa kama makabati mawili ya nguo. Tuliiita Bibi Harusi. Ilitaka chumba chake, baridi yake, gesi yake ya heliamu, na watu wa kuihudumia. Ndani yake pampu zilinyonya hewa yote, na umeme ukikatika hewa inaingia, unaanza upya kuinyonya huku watu wanakupigia simu kuuliza majibu.

Mkojo wenyewe ulipitia mikono yetu kwanza. Unautia asidi na chumvi, unautikisa na dawa ya kuzivuta zile asidi, unaikausha, kisha unaongeza dawa nyingine ya kuzifanya ziweze kuruka kama mvuke. Dawa hiyo ya mwisho ilichukia maji. Ukiacha chupa yake wazi siku ya mvua, umeharibu kazi ya wiki. Halafu unadunga tone moja kwenye bomba refu la kioo lenye joto, lililojikunja, na kila asidi inatoka upande wa pili kwa zamu yake. Ikitoka, mashine inaipiga na kuivunja, kisha inavipima uzito vile vipande. Bwana Karanja alieleza hivi: vunja sahani ya mtu, nami nitakuambia kwa vigae ilitoka kabati la nani. Kalamu ilichora vilele kwenye karatasi, sisi tukaviita milima, na tuliisoma kwa rula, penseli na macho yetu. Miwani hii mnayoniona nayo inatoka huko.

Mambo ya kutupotosha yalikuwa mengi. Ndizi zilitupa milima yake, dawa za homa milima yake, na dawa ya tumbo ya watoto milima yake. Kuna mtoto ambaye nepi zake ziligeuka nyeusi kila zikikaa, na nyanya yake alikuwa amebadilisha sabuni mara nyingi na kugombana na mwenye duka. Huyo alikuwa na ugonjwa kweli, ila ni wa pole, ungekuja kumsumbua magoti uzeeni. Nyanya aliposikia hivyo alisema basi sawa, lakini kwa mwenye duka hakurudi kuomba radhi.

Bwana Karanja alikuwa na desturi moja ambayo wageni waliicheka. Kila chati ikishasomwa, aliianika kwenye kamba chumbani kwa vibanio vya nguo, na haikuingia kabatini mpaka kesho yake. Alisema chati nayo inapaswa kulala. Jibu la haraka lilikwenda wodini, maana kitanda kilikuwa kinahitajika, lakini asubuhi tulisimama chini ya ile kamba na vikombe vyetu vya chai na kuisoma upya. Mara nyingi hatukuona kipya. Niwaambie sasa kuhusu asubuhi ambayo tuliona.

Mtoto aliitwa Kimani, wa miezi michache, na kwao ni mtaa wa Ziwani. Majirani walimwita mama yake Mama Kimani. Kabla ya hapo walimwita Mama Njeri, kisha Mama Kamau, na majina hayo mawili yalikuwa yamezikwa pamoja na watoto wenyewe kabla hawajatembea. Kimani alikuwa sawa mpaka alipoanzishiwa maziwa ya ng'ombe. Akaanza kutapika, akawa anapumua mbiombio kama aliyekimbia, kisha akalegea. Wakimweka kwenye dripu ya sukari anafufuka. Akirudi nyumbani kwenye maziwa anazima tena. Daktari wa watoto, mama mmoja makini ambaye hakupenda kubahatisha, alilishika hilo upesi na kutaka mkojo wake upimwe. Kliniki ikampa Mama Kimani chupa, naye kesho yake akaileta imejaa, ndipo Kimani akalazwa.

Tuliipima. Haikuwa na kitu. Tukapeleka jibu kwamba hatujaona ugonjwa wa kurithi, na kwa kuwa mtoto alikuwa ameshachangamka kwa dripu, Daktari akamruhusu aende nyumbani. Akamwagiza mama yake ampe maziwa na mayai kwa wingi, apate nguvu. Kwa mtoto asiye na ugonjwa ule ni ushauri mzuri.

Asubuhi tukasimama chini ya kamba. Bwana Karanja aliitazama ile chati mpaka chai yake ikapoa.

"Huyu mtoto alikuwa na hali gani alipotoa mkojo huu?" akauliza.

Nikamwambia alikuwa hajashika chakula siku mbili, anatapika kila kitu.

"Iko wapi njaa yake?"

Nikaelewa. Mtu akikaa bila kula, mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na masalio ya moto ule huonekana mkojoni. Tulikuwa tumewahi kupima mkojo wa Bwana Karanja mwenyewe wakati wa Kwaresima, na mlima wa kufunga ulikuwa pale, mrefu na mchamungu. Chati ya Kimani ilikuwa tambarare. Ulikuwa mkojo wa mtoto aliyekula akashiba.

Tulijishuku sisi kwanza. Tukapekua rafu, tukalinganisha majina, tukapima upya kilichobaki. Matokeo yalikuwa yaleyale. Bwana Karanja akampigia Daktari, na Daktari hakubisha hata kidogo. Aliuliza tu, "Mama anatuficha kitu? Ni wa tatu huyu." Kisha akasema mtoto arudishwe leo hii, na asipewe maziwa. Ziwani hakukuwa na simu ya kumpigia. Bwana Karanja akanigeukia.

"Nafula, wewe unakaa pande zile. Nenda na gari."

Kwa watu wa hospitali, Mbotela na Ziwani ni mlango na dirisha la nyumba moja. Nilivua koti nikaenda.

Gari la hospitali likiingia mtaani, watu hutoka kwanza kuona ni la kuleta au la kuchukua. Walinionyesha mlango bila kuniuliza. Nikapiga hodi, nikaitikiwa na mama mwingine, mnene, mchangamfu, mwenye leso kiunoni. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, Mama Auma, na ni yeye aliyekuwa akipika huku Mama Kimani amempakata mtoto kitandani. Kimani alikuwa macho, lakini hayakuwa yanamfuata mtu.

Nilipewa kiti na chai. Usikatae chai ukiwa na swali gumu. Nilipiga funda mbili, ndipo nikauliza.

"Mama Kimani, ile chupa uliyotuletea, mkojo wake ulikuwa wa lini?"

Mama Kimani akamtazama Mama Auma. Mama Auma akajibu bila wasiwasi wowote, akikoroga sufuria.

"Hiyo ilikuwa ya Auma."

"Auma ni nani?"

"Si huyu."

Chini, kwenye mkeka, alikaa msichana mdogo mwenye mashavu, anakula kiazi.

"Huyu Kimani alikuwa amekauka, dada," Mama Auma akaendelea. "Tumengoja asubuhi yote. Akatoa matone tu. Na sista alikuwa amefunga plasta kwa chupa, akasema ifike hapo. Sasa angerudisha chupa ya wenyewe aje? Tupu?"

Nilijua anachosema. Nimelelewa hivyo hivyo. Jirani akikuletea mboga kwa bakuli, bakuli halirudi tupu. Utatia hata viazi viwili, hata chumvi, lakini hulirudishi likiwa linalia. Kwetu ni hivyo, kwa kina Mama Kimani ni hivyo, na kwenye nyumba zile za chumba kimoja, bomba moja la maji na makabila yote, hiyo ndiyo sheria ambayo hakuna aliyehitaji kuandikiwa. Hospitali ilikuwa imempa mama huyu chombo. Jirani yake alikuwa amemkopesha cha kukirudishia, kama angemkopesha makaa.

"Na yale matone yake?" nikamuuliza Mama Kimani.

Alijibu akiangalia sakafu. "Nilimwaga. Yalikuwa kidogo, na yananuka. Nikaona haya kumpelekea daktari kitu kama hiyo."

"Mimi nilijua mkojo ya mtoto ni mkojo ya mtoto," akasema Mama Auma. "Chumvi yangu nikimpa, si ni chumvi tu?"

Hapo ndipo nilipoona kikombe kwenye stuli. Kilikuwa na maziwa, na ndani yake yai lililopigwa. Kilikuwa nusu.

"Msimpe tena hiyo," nikasema.

"Ni daktari alisema," Mama Kimani akajibu. "Maziwa na yai."

"Daktari alisema hivyo kwa sababu ya mkojo wa Auma."

Mama Auma aliacha kukoroga. Alisimama na mwiko mkononi, akakitazama kile kikombe, kisha mtoto wa mwenzake, kisha wake.

"Kwa hivyo hiyo yai," akasema polepole, "ni mimi nimempa."

Niliogopa, na nasema hivyo waziwazi kwa sababu mnapenda kusema mimi sikuwa mtu wa kuogopa. Nilikuwa nimezoea kukutana na watoto wakiwa milima kwenye karatasi. Huyu alikuwa na kucha, na shingo yake haikuweza kubeba kichwa.

Tulimpeleka na gari. Mama Auma alipanda pia, na Auma mgongoni, bila kumuuliza dereva. Nilikuwa nimebeba pamba safi, nikaiweka ndani ya nepi ya Kimani kabla hatujaondoka. Hii mjifunze hata kama mna mifuko ya kisasa ya kubandika: mtoto mkavu hatakujazia chupa, lakini pamba haipotezi kitu. Tulipofika wodini, wakati sista anatafuta mshipa wa dripu, pamba ilikuwa imelowa. Niliisokota nikaitia kwenye bomba la sindano kubwa, nikasukuma. Kikatoka kijiko kimoja cha chai, cha rangi ya chai pia.

Mama Kimani alikitazama kile kijiko kimoja kwenye ile chupa kubwa. "Hiyo itatosha kweli?"

"Inatosha na inabaki," nikamwambia.

Umeme siku hiyo ulikaa, nalo ni jambo la kuandikwa. Bwana Karanja alidunga mwenyewe. Tulikaa tukisikiliza pampu, na kalamu ikaenda tambarare, tambarare, kisha ikapanda mpaka ikagonga ukingo wa karatasi na kubaki huko inatetemeka. Alichukua rula akahesabu vipande. Akaandika uzito wa kipande kikubwa, 247, kwa penseli, akapigia mstari. Ilikuwa asidi ya methilimaloniki, inayotokana na protini ya maziwa na mayai, kwa wingi ambao hatukuwa tumewahi kuuona. Kisha akaweka kidole kwenye mlima mwingine pembeni.

"Na hii hapa ndiyo njaa yake," akasema.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, hakungoja tumwandikie. Alisimamisha maziwa na akaanza sindano za vitamini B12, dawa nyekundu ambayo kila duka la dawa Nairobi lilikuwa nayo. Si watoto wote wa ugonjwa ule wanaoitikia sindano hiyo. Baadaye tulikuta wengine wenye mlima uleule, tukawadunga, na haikuwafaa kitu, na mama zao nawakumbuka pia. Kimani aliitikia. Kila tulipompima mlima ulikuwa mfupi zaidi, na siku moja sista akaja kulalamika kwamba yule mtoto wa Ziwani anapiga makelele wodi nzima hailali. Bwana Karanja aliniambia hiyo nayo ni matokeo, ila haina mahali pa kuanikwa.

Daktari aliwaita wazazi wote wawili pamoja na nyanya wa upande wa baba, aliyekuwa akisema tangu Njeri azikwe kwamba damu mbaya imeletwa na mke. Akawaeleza kwamba ugonjwa ule hautoki upande mmoja: nusu imetoka kwa mama na nusu kwa baba, sawasawa, na mwenye nusu moja wala hajijui. Nyanya hakuipenda hesabu hiyo. Aliomba irudiwe, na iliporudiwa ilitoka vilevile.

Kwenye kliniki tuliondoa plasta zote kwenye chupa. Kuanzia hapo kila mama aliambiwa kwa mdomo, na kwa lugha anayoielewa: hata matone, mradi ni ya mtoto mwenyewe. Mnaona kwamba mpaka leo tunasema hivyo. Mlidhani ni sharti la wazungu.

Bibi Harusi alikufa katikati ya miaka ya themanini. Alikosa kipuri ambacho hakikuwa kinatengenezwa tena, akageuka kabati kweli, tukamwekea ndani makoti. Bwana Karanja alistaafu muda mfupi baadaye na kuondoka na vibanio vyake vya nguo. Kimani alikua, mfupi kuliko wenzake, na sindano yake kila mwezi. Familia ilipohamia Kariobangi nilipotezana nao, mpaka siku moja nilikwenda huko kutengenezesha mlango wa chuma, na kijana akavua miwani ya kuchomelea na kunitazama.

"Niaje mathe," akanisalimu. "Si ni wewe ulikuwa unapimanga mikojo yangu?"

Wenzake walicheka sana. Mlango alinitengenezea vizuri.

Kuna siku niliyoiruka hapo juu, nayo ndiyo nataka kumalizia. Ni siku ya kwanza Kimani kurudi kliniki baada ya kutoka wodini. Akina mama walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na chupa yake, na nyingi zimejaa mpaka shingoni, maana habari ya kuondolewa kwa plasta ilikuwa bado haijaenea. Mama Auma alikuwa amemsindikiza jirani yake, naye alinikabidhi chupa aliyoiomba siku ile ya gari kwa sababu ambayo hakusema. Ilikuwa imejaa njugu karanga za kukaanga.

"Hiyo sasa ni yangu," akasema, uso mkavu.

Mama Kimani alikuwa nyuma yake. Alitoa chupa kwenye kikapu, akaiondolea kitambaa, na wale wa foleni wakageuka kutazama, kwa sababu ilionekana tupu. Mmoja alicheka chini chini. Mama Kimani aliiinua kwenye mwanga ili niyaone matone yaliyokuwa chini kabisa, mkono wake umenyooka.

"Ni kidogo," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Lakini ni yake."

Nikaipokea kwa mikono miwili.